Yule Anayesema "Bado"

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu zangu katika imani, darsa la leo ni refu kidogo. Kama una haraka, lihifadhi, ulisome baada ya Isha ukiwa umetulia. Ndani yake mna nyuki, mna maabara, na mna ugomvi wa asali katika ukoo wangu mwenyewe. Vyote vitatu vinatupeleka mahali pamoja, inshaAllah.

Tuanze na swali. Tulipomaliza mfululizo wetu wa Surat An-Nahl, binti mmoja anayesoma baiolojia chuoni aliniandikia hivi: "Ustadh, tumefundishwa kwamba sehemu kubwa ya vinasaba vya viumbe haitengenezi protini yoyote. Kuna wataalamu walioiita takataka. Sasa mimi Muislamu niseme nini? Mwenyezi Mungu anaumba takataka?"

Swali zuri, na namshukuru kwa kuuliza badala ya kubaki na dukuduku moyoni. Sikumjibu siku ileile. Nilikuwa najiandaa kwenda Tura, nimeitwa na ndugu zangu nikasuluhishe, na huko nikakuta kwamba swali lake na kesi yetu ni watoto wa mama mmoja.

Kwa wasioijua, Tura iko wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, upande wa mashariki kwenye Reli ya Kati. Kabla ya reli, misafara iliyotoka Bagamoyo ilivuka Ugogo, ikaingia katika pori kavu lililoitwa Mgunda Mkali, ikatembea siku kadhaa kwa kiu na hofu, halafu ikatokea Tura, mlango wa Unyamwezi. Mwingereza Richard Burton aliyepita huko mwaka 1857 aliandika kwamba jina lenyewe lina maana ya kutua mzigo. Mpagazi akifika hapo anajua amepona. Uislamu nao ulifika kwetu kwa njia hiyohiyo, juu ya miguu ya watu waliochoka. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, nta ya misitu yetu ya miyombo ikapata usafiri wa kwenda Pwani na ng'ambo. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisema nyuki, anasema ada ya shule, bati la nyumba na mahari.

Sasa tulia hapa kidogo, tumtazame huyu nyuki.

Ndani ya mzinga ni giza. Nyuki elfu nyingi wanaishi humo bila taa, na mambo yao mengi yanakwenda kwa harufu. Malkia ana harufu yake inayowajulisha wote kwamba yupo. Majana wana harufu zao zinazowaambia walezi kwamba wana njaa. Mlinzi aliyeko mlangoni hunusa kila anayeingia, akajua huyu ni wa kwetu na huyu ni mwizi. Pua ya nyuki ni zile papasi mbili za kichwani. Vinasaba vya nyuki wa asali viliposomwa na matokeo kutangazwa mwaka 2006, watafiti walihesabu aina zipatazo 170 za vipokezi vya harufu. Ubongo wake wote una seli za neva zisizofika hata milioni moja, lakini ua alilolitembelea jana analikumbuka leo.

Warina asali mnaijua na harufu nyingine. Nyuki akidunga au akihisi hatari hutoa harufu ya kuwaita wenzake vitani. Kiungo kikuu cha harufu hiyo kilitambuliwa mwaka 1962, na kimo pia katika ndizi mbivu. Ndiyo maana wazee husema ukisikia ndizi chini ya mzinga, na hakuna mgomba karibu, shuka. Na ule moshi tunaoupuliza, pamoja na mengine unayofanya, unaziba pua zao. Mwaka 1995 watafiti nchini Marekani walipima papasi za nyuki wakaona kwamba baada ya moshi haziisikii vizuri harufu ile ya hatari, na baada ya dakika kadhaa zinarudi kama kawaida. Babu zetu hawakuwa na vipimo, ila walijua wasibaki juu ya mti moshi ukiisha.

Tumrudie binti yetu. Takataka iko wapi hapa?

Nitaeleza kwa mfano wa fundi ujenzi, kwa sababu wengi wetu tumejenga. DNA ni ramani kuu ya nyumba, imefungiwa kabatini, haitoki. Fundi akitaka kujenga dirisha, hapewi ramani yote, anapewa nakala ya ukurasa mmoja. Nakala hiyo inaitwa RNA. Fundi anaisoma, anajenga protini, na protini ndizo tofali, milango na mabomba ya mwili. Kipokezi cha harufu kwenye papasi ya nyuki ni protini iliyojengwa kwa nakala kama hiyo.

Lakini ziko nakala zinazotoka kabatini na hazijengi kitu. Hakuna tofali wala dirisha linalotokana nazo. Sehemu kubwa ya ramani yenyewe pia haielekezi ujenzi wa protini, na mwaka 1972 mtaalamu Susumu Ohno aliitumia lugha hiyo ya takataka kuieleza. Hesabu ilionekana rahisi: asiyejenga hana kazi.

Mwaka 1993 Victor Ambros, Gary Ruvkun na wenzao walitangaza jambo la ajabu kutoka kwa mnyoo mdogo sana. Walikuta RNA fupi, yenye herufi zipatazo 22 tu, isiyojenga protini. Kazi yake ilikuwa kuishika nakala nyingine ambayo herufi zake zinaoana na zake, na kuizuia isijengewe. Fundi yuko tayari na tofali mkononi, yeye anamwambia: bado. Au: basi, inatosha. Leo RNA fupi za namna hiyo tunaziita maikro-RNA, zimekutwa kwa mimea, wadudu na sisi wanadamu, na mwaka 2024 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Ziko pia RNA ndefu zisizojenga. Mojawapo, iliyotangazwa na watafiti wa Japani mwaka 2007, huongezeka katika ubongo wa nyuki anayerudi kutafuta chakula na kucheza ngoma ya kuwaonyesha wenzake njia. Waliipa jina kakusei, neno la kwao lenye maana ya kuamka.

Sasa tazama kazi ya wazuiaji hawa katika pua ya mdudu.

Nzi mdogo wa matunda hunusa hewa ya ukaa kwa neva zilizoko kwenye papasi. Mbu, ambaye anatufuata usiku kwa hewa hiyohiyo tunayoipumua, ana neva zake za kazi hiyo kwenye vigusio vilivyo karibu na mdomo. Mwaka 2008 watafiti walitangaza kwamba nzi akikosa maikro-RNA moja tu, iliyopewa namba 279, anaota neva za hewa ya ukaa kwenye vigusio vya mdomoni, mahali ambapo nzi wa kawaida hana. Hakuna aliyemwongezea kitu. Ameondolewa mzuiaji mmoja, na ujenzi ukafanyika pasipo pake.

Kwa nyuki mwenyewe, mwaka 2014 watafiti waliokuwa Australia walitangaza kazi hii. Waliwafundisha nyuki kuihusisha harufu na sukari, kisha wakatazama ndani ya ubongo nini kinapanda na nini kinashuka. Kwa jumla nakala za kujenga zilishuka, na zile zisizojenga zikapanda. Kisha wakawalisha nyuki dawa ya kuinyamazisha maikro-RNA moja, namba 932. Nyuki hao wakaharibikiwa na kumbukumbu ya muda mrefu.

Soma tena hapo juu, ndugu yangu. Nyuki anapojifunza harufu, wajenzi wanapunguza kasi na wazuiaji wanaongezeka. Mmoja wao akinyamazishwa, funzo halikai.

Basi jibu langu kwa binti yetu ni hili. Sura ya Aal Imran, aya ya 191, inawasifu watu wanaotafakari uumbaji wa mbingu na ardhi mpaka wakakiri kwamba Mola wao hakuumba haya bure. Hiyo ndiyo itikadi yetu, na ilikuwa itikadi yetu kabla ya maabara kuwapo. Lakini usiende darasani kudai kwamba kila herufi ya kinasaba imeshathibitishwa kuwa na kazi. Haijathibitishwa, na wataalamu wanabishana hadi leo ni kiasi gani cha ramani kinafanya kazi. Na usisambaze zile video zinazosema Qur'ani ilitaja RNA. Haikutaja. Surat An-Nahl, aya ya 68 na 69, imetueleza kwamba Mola alimfunulia nyuki afanye makazi milimani, mitini na katika wanavyojenga watu, ale katika matunda, azifuate njia alizorahisishiwa, na kitoke matumboni mwake kinywaji chenye rangi mbalimbali ambamo mna tiba kwa watu. Aya inamalizia kwa kutaja watu wanaofikiri. Tumeitwa kufikiri, hatukuitwa kuisaidia Qur'ani kwa maneno ambayo haikuyasema. Ukiifunga aya kwenye utafiti wa mwaka huu, utafiti ukibadilika mwakani utamwambia nini mtoto wako?

Hilo ndilo jibu la darasani. Sasa njooni Tura.

Baba yangu mkubwa ana mizinga 40 ya magogo na magome, aliyoichonga na kuitundika mwenyewe kwa miaka mingi. Goti lake liliharibika, hapandi tena mti. Vijana wa ukoo, watoto wa wadogo zake, ndio wanaopanda. Nao wana mizinga yao michache waliyoitundika karibu na yake. Wakati wa kurina wote wanakwenda kambini pamoja, na fedha ya asali inagawanywa mafungu sawa, la mzee likiwemo.

Msimu huu vijana walikataa. Msemaji wao alizungumza kwa adabu, na hoja yake niliisikiliza mpaka mwisho. Alisema: "Kaka Ustadh, sisi tunamheshimu baba mkubwa. Lakini tunapanda usiku, tunadungwa, tunabeba ndoo mpaka barabarani. Yeye anakaa chini ya mti anasema 'bado'. Hachongi, hapandi, habebi. Na sisi tuna watoto wanasoma. Hilo fungu sawa ni la kazi gani?"

Si maneno ya mtu mbaya, ni maneno ya mtu aliyechoka. Ulamaa wasiosikia uchovu wa vijana huwapoteza vijana.

Nikauliza: "Akisema bado, huwa anaona nini?"

Pale kikao kikanyamaza, kisha mmoja mdogo akaeleza. Walioko juu pua zao zimejaa moshi, hawasikii kitu. Mzee yuko chini, upande unakoelekea upepo. Harufu ya ndizi ikishuka anaipata kabla yao, anawaita washuke. Na sega la kwanza likikatwa linateremshwa kwake. Analigusa, analinusa, anajua kama asali imeiva na kuzibwa kwa nta, au bado ni maji, au wamekata upande wa majana. Akisema bado, mzinga unafungwa, wanahamia mti mwingine.

Msimu uliotangulia walikwenda bila yeye kwa sababu alikuwa na homa. Walirina kila mzinga walioufikia. Walijaza ndoo saba, wakarudi na furaha. Tatu zilichacha kabla ya kuuzwa, maana asali iliyokatwa na maji yake haikai, na mnunuzi akazikataa. Mizinga miwili iliyokatwa mpaka kwenye majana, nyuki wake walihama. Haya yote waliyajua wao wenyewe. Hawakuwahi kuyaweka kwenye hesabu moja na lile neno "bado".

Nikawakumbusha hadithi iliyopokewa na Tirmidhi kutoka kwa Anas, radhi za Allah ziwe juu yake. Walikuwapo ndugu wawili zama za Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Mmoja alifanya kazi ya kuchuma, mwingine alikuwa akija kukaa kwa Mtume. Yule mchumaji akamshitakia Mtume nduguye. Mtume akamjibu kwa maana kwamba huenda anaruzukiwa kwa sababu yake. Hakumwambia kazi yake haina thamani. Alimfungua macho aone mlango mwingine ambao riziki yake inapitia.

Kisha tukaingia kwenye haki, kwa sababu mawaidha bila haki ni kumdhulumu mtu kwa sauti nzuri. Nilisema mambo matatu.

La kwanza: mizinga 40 ni mali ya mzee. Kilichomo ni chake. Vijana wanaoirina wanastahili ujira, na ujira utajwe kabla ya kupanda mti, si baada ya kuuza. Kwa hiyo tuache kusema mzee anapewa fungu. Katika mizinga ile, yeye ndiye mwenye mali.

La pili: mizinga ya vijana ni mali ya vijana. Mzee hana haki ndani yake kwa sababu tu ni mzee. Wakitaka pua yake na uzoefu wake, wapatane naye malipo kama wanavyopatana na mbeba ndoo. Kusema "bado" kwa ilimu ni kazi.

La tatu: baada ya haki kuna ihsani, na hiyo haikadiriwi na kikao. Kila mtu ataikuta kwa Mola wake.

Baba mkubwa alikubali haraka kuliko wote. Wengi wa vijana walikubali. Yule msemaji wao alisema, "Tutaona msimu ujao." Sikumlazimisha kutabasamu. Mapatano yameandikwa, mashahidi wapo, inatosha.

Ndugu zangu, tuchukue nini?

Sisi tunahesabu wanaojenga. Tunamhesabu aliyetoa mifuko ya saruji msikitini, hatumhesabu mzee aliyesema kwenye kamati, "Tusianze paa kabla hatujajua deni la ukuta." Tunamsifu aliyemleta mchumba, tunamsahau mama aliyesema, "Mwanangu, bado hatujamjua huyu." Mwenzako aliyekushika mkono usiandike neno ulilotaka kuandika kwenye kundi la familia usiku ule, ulimlipa nini? Hakuna tofali lake linaloonekana. Kuna nyumba tu ambayo haikubomoka.

Kujizuia katika dini yetu ni tendo. Saumu ni nini, kama si kuacha kwa niya? Na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume alifundisha kwamba kila Muislamu ana sadaka juu yake. Maswahaba wakauliza kuhusu asiye na kitu, kisha asiyeweza hili na lile, naye akawa anawashusha ngazi moja moja, mpaka akafika kwa yule ambaye analoweza ni kujizuia na shari. Naye hiyo ni sadaka kwake.

Lakini nisieleweke vibaya, kwa sababu najua wapo watakaolichukua darsa hili wakawanyamazishe watoto wao. Si kila "bado" ni hekima. Wapo wazee wanaosema bado kwa binti anayetaka kusoma, bado kwa kijana anayetaka kuoa, bado kwa mjane anayedai mirathi, miaka ikapita. Kumbuka, ile RNA ndogo haizuii kila kitu. Inashika nakala ambayo herufi zake zinaoana na zake, kwa wakati wake, na mengine inayaacha yajengwe. Baba mkubwa hasemi bado kwa kila mti. Ananusa kwanza. Ukisema bado na hujanusa, huzuii shari, unazuia riziki ya watu. Na haki ya mjane haina "bado".

Kwa hiyo wiki hii nakuomba mambo mawili. Mtafute mtu mmoja katika nyumba yako au msikiti wako ambaye mmezoea kusema hafanyi kitu. Kaa naye, umuulize anaona nini pale anapowazuia. Na kama mna shughuli ya pamoja, iwe asali, duka au shamba, andikeni leo nani ana mali gani na nani analipwa kwa kazi gani, kabla msimu haujaanza na kabla uchovu haujazungumza.

Ewe Mola wetu, uliyemfunulia nyuki njia zake gizani, turuzuku elimu ya kujua pa kujenga na pa kuacha. Wahifadhi wazee wetu, wape vijana wetu riziki ya halali isiyo na dhuluma, na usitujaalie kuwadharau wale ambao huenda tunaruzukiwa kwa ajili yao. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq. Ukinufaika, mfikishie na mwenzako.